Mwito wa Ndugu Yangu Katika Somo la Namna

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilifunga mlango kwa kishindo. Haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Ulikuwa mlango wa bati wa ukumbi wa kanisa mjini Arua, si mbali na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, mahali ambapo madarasa ya watu wazima yalikuwa yakifanyika alasiri, soko likipungua. Wanafunzi wote waligeuka kunitazama: wanawake wa nyanya na samaki wakavu, mafundi wa baiskeli, mpishi wa shule. Mbele yao alisimama Msimamizi wa Elimu ya Watu Wazima, mama mfupi ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Hakunisalimu.

"Toka nje," alisema. "Ingia tena."

Nikatoka, nikaingia, nikaufunga ule mlango kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"What did you do?" aliniuliza mbele ya watu.

"I closed the door."

"How?"

Nilikuwa nimesoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, kisha baba akafariki nami nikarudi nyumbani kulima. Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu nani, nini na wapi. Swali la namna sikuwa nimewahi kuulizwa. Mama mmoja wa benchi la mbele, muuza nyanya, akanionea huruma.

"Quietly, Madam," alisema. "You close it quietly."

"Closed," Msimamizi alimrekebisha, kisha akanigeukia. "Huyu amekaa hapa tangu kiangazi. Keti karibu naye ujifunze. Wiki ijayo utafundisha wewe."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaoingia katika kazi hii sasa, kwa sababu wengi wenu mmekuja nyumbani kwangu kuniuliza tulifundishaje bila vitabu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofundishia. Katika darasa moja ungekuta Mlugbara, Mkakwa, mtu wa Kongo na mtu wa Sudan Kusini, na hakuna lugha nyingine iliyowatosha wote. Mimi nilikipata kwa baba, aliyekuwa askari, nikakinyoosha baadaye kwa kusoma.

Somo lililonipa jina katika kazi lilikuwa vielezi vya namna. Kielezi cha namna ni neno linaloambia tendo limefanyika vipi. Katika Kiingereza maneno haya mengi yana mkia, ule mkia wa -ly: slow ni tabia ya kitu, slowly ni namna ya tendo. Mengine hayana mkia, na hapo ndipo wanafunzi wote walipoanguka. Walisema fastly, wakasema goodly. Tuliwafundisha kwamba fast haitaki mkia na kwamba good ikitembea inageuka kuwa well. Tuliwafundisha pia kwamba neno hilo kwa kawaida hukaa nyuma ya tendo, kama mzigo nyuma ya baiskeli.

Mtu anaweza kuuliza muuza nyanya ana haja gani na maneno hayo. Msimamizi alikuwa na jibu. Mama anampeleka mtoto hospitali, na mganga, mtu wa kusini asiyejua Kilugbara, anauliza mtoto anapumua namna gani. Mama akijua tu kusema kwamba anapumua, ataambiwa akae kwenye foleni. Akijua kusema anapumua kwa shida, ataitwa mbele. "Tendo linaweza kuwa lilelile," Msimamizi alituambia wakufunzi. "Tofauti ya kuishi na kufa iko katika namna."

Njia yake aliiita mwili kwanza. Mkufunzi anatoa amri, wanafunzi wanaitenda. Tembea polepole. Kunja nguo kwa uangalifu. Piga meza kwa nguvu. Baada ya mwili huja sikio: mwanafunzi anafumba macho na kusikiliza mwenzake akitenda, halafu anataja namna. Kisha mdomo, mwisho ubao. Aliyeandika ubaoni mapema alikemewa. "Usimwandikie mtu neno ambalo mguu wake haujalijua," alikuwa akisema, na mara ya pili hasemi, anafuta.

Nilipoiva nilihamishiwa Adumi, nyumbani kwetu. Darasa lilikuwa katika ghala la mbegu la wakulima, na wanafunzi walikuja na majembe begani. Hapo ndipo ndugu yangu Candia anapoingia katika habari hii. Alinifuata kuzaliwa, sisi wawili tu kwa mama yetu. Alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka: alipakia sabuni, vitunguu na unga wa muhogo kwenye malori ya kwenda Yei, ng'ambo ya Sudan Kusini. Kazi yangu ilimchekesha sana.

"Dada, watu wa Adumi wanatembea tangu enzi za babu," alisema. "Leo serikali inakulipa uwafundishe kutembea!"

"Njoo nawe ufundishwe," nilimjibu. "Unatembea kama ng'ombe aliyekata kamba."

Yapo mambo ambayo msomaji wa mbali hayajui, nami lazima niyaeleze. Kwetu Walugbara kila mwanamume ana mwito wake, tunauita cere. Ni sauti ndefu ya juu, haina maneno, na hakuna miito miwili inayofanana. Mwanamume anaita anaporudi nyumbani kutoka safari, au ngomani, au akiwa na jambo zito. Ukiisikia unajua ni nani, kama vile umemwona uso. Na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutoa. Mtoto akiiga mwito wa mtu atapigwa kofi. Mtu mzima akiiga, ni vita. Kwa desturi ya nyumba yetu, mtu akifa mwito wake unaingia kaburini pamoja naye.

Mwito wa Candia ulianza chini, kama mtu anayesafisha koo. Ulipanda, ukapasuka katikati kama umejikwaa, kisha ukamalizika kwa vipande vifupi vya juu sana. Aliutoa akifika kijitoni, na mama alipousikia aliweka sufuria motoni.

Vita vya ng'ambo vilipowaka tena, Candia aliondoka na lori moja na hakurudi. Tuliambiwa lori lilichomwa njiani. Waliokufa walizikwa na watu wasiowajua. Hakuna aliyerudi kutuambia Candia alikuwa miongoni mwao au la, wala kama alikufa, alikufaje.

Wazee wa ukoo walitaka tumlaze kwa heshima, tulie, tumalize. Kwetu maombolezo hayafungwi kabla ya mtu mmoja kusimama mbele ya waliokusanyika na kueleza marehemu alivyougua na alivyokufa. Watu wanakaa kimya na kusikiliza habari hiyo hadi mwisho. Bila hiyo, kila mtu anabaki na ya kwake, na mioyo inaharibika. Wazee walisema katika shida kama hii tunaweza kuiruka. Mama alikataa.

"Anayeita hajafa," alisema.

Akatueleza kwamba alikuwa akimsikia. Kila jioni alitoa kigoda chake nje, akakigeuzia kaskazini, akakaa. Kuna wakati aliinua kichwa ghafla, kama mtu aliyeguswa bega. "Umesikia?" aliniuliza. Nilikaa kando yake nikasikiliza kwa juhudi yangu yote. Nilisikia kuku wakipanda kulala na mashine ya kusaga upande wa sokoni. Nilimwambia ukweli, kwamba sisikii kitu.

"Ni mbali," alisema. "Mbali sana."

Majirani walisema akili yake inazeeka. Lakini hakukosea kupika, hakukosea jina la mtu, na shamba lake lilikuwa safi kuliko langu. Miezi ikapita, na jioni moja akainuka kutoka kigodani.

"Leo amevuka mto wa mpakani," alisema.

Mama hakuwa amefika mpakani maisha yake yote. Wiki hizo ndizo watu wa Sudan Kusini walipokuwa wakivuka kwa wingi kuingia Koboko, mji wetu wa mpakani, magodoro kichwani. Sikuwa nimemwambia. Labda alisikia kwa redio ya jirani. Sijui, na sitasema ninajua.

Kwa sababu ya wageni hao nilihamishiwa Koboko. Bosi wangu huko alikuwa Mratibu wa Madarasa, sajenti mstaafu aliyeita kila chumba kambi na kila mwanafunzi kuruta.

"Madam," alinipokea, "hapa Koboko watu nasema kwa nguvu. Sasa wewe nakuja kufundisha quietly. Quietly utapata wapi?"

"Nitaitafuta, Afande."

"Ukipata, letea mimi kidogo. Bibi yangu nyumbani anaihitaji."

Darasa lilikuwa stoo ya matofali nyuma ya soko. Nusu ya wanafunzi walikuwa Wakakwa wa huko, waliotoka Dranya na Abuku na mazao yao, wakabaki kusoma kabla ya kurudi. Nusu walikuwa wageni wa ng'ambo. Mlugbara alikuwa mmoja tu, Obeti, mwendesha bodaboda kutoka upande wetu wa Ayivu. Alikuja kusoma kwa sababu abiria wazungu walikuwa wakimpigia kelele slowly, slowly, naye akidhani wanamsifu, akaongeza moto.

Miongoni mwa wageni alikuwepo Wani. Alikuwa mrefu, na kabla ya vita alifanya kazi ya taniboi, yaani msaidizi wa dereva kwenye lori. Alikaa nyuma, akaandika vizuri, na akasema chini chini hata ukimwambia arudie. Nilidhani ni aibu ya mgeni.

Sasa nafika kwenye somo lenyewe. Ilikuwa alasiri ya kawaida, jua juu ya bati. Niliwasimamisha Wakakwa kwanza, nikawaambia, "Walk quietly." Wakatembea kwa ncha za vidole, wakasukumana, mmoja akagonga benchi, wote wakacheka. Tulifurahi. Kisha nikawaambia wageni wasimame, nikawataka waliokaa wafumbe macho kama njia yetu inavyodai. Mimi pia nilifumba.

"Walk quietly."

Nikangoja. Nilidhani hawajaelewa, kwa sababu hakuna kilichosikika. Nikafumbua macho ili nirudie amri, na nikakuta wanatembea. Walikuwa watu wengi, wanawake wenye watoto mgongoni, wanaume wenye viatu vya mpira, wanazunguka darasa zima kwenye sakafu yenye mchanga. Niliitazama miguu yao. Ilikuwa ikikanyaga. Nguo hazikusuguana. Mtoto mmoja mgongoni alikuwa macho kabisa, ananitazama, mdomo wake umefungwa kama wa mtu mzima. Hewa ilikuwa baridi mikononi mwangu, ndani ya stoo ile ya moto.

Obeti naye akafumbua macho. "Jamani," alisema, "hawa watu iko na miguu ama hapana?"

Ilikuwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa ng'ambo alimjibu bila kusimama: "Yule wa kutembea na kelele, hapana fika hapa."

Nilitaka kuiondoa ile baridi chumbani. Mkufunzi mwenye uzoefu anajua kwamba baada ya neno zito unaleta kinyume chake. Nikapiga makofi, nikasema kwa furaha ya kujilazimisha, "Now, shout! Shout loudly! Wani, wewe anza. Leo sitaki sauti yako ya panya."

Wani akatikisa kichwa.

"Loudly!" wenzake wakamtania. "Wani, bibi amekukataza?"

Akafumba macho, akafungua mdomo, na ndugu yangu akaita.

Sina njia nyingine ya kuliandika. Ulianza chini, ukapanda, ukajikwaa mahali pale pale, ukamalizika kwa vile vipande vya juu. Bati la stoo lililia. Nilikuwa nimeshika chaki na ubao ulikuwa nyuma yangu, na mwili wangu uligeuka mlangoni, kwa sababu Candia alikuwa amefika na chakula hakikuwa motoni.

Obeti alikuwa amesimama tayari. Hakumjua Candia, lakini kila Mlugbara anatambua cere ikitoka kinywani mwa asiye mwenyewe. Aliruka benchi, akamshika Wani shati.

"Wewe! Hii unaiba kwa nani? Hii sauti ya mutu! Unaita mutu wa watu bure bure?"

"Mimi hapana iba," alisema Wani. "Madam, mimi nasema hapana. Wewe nalazimisha."

"Mwache, Obeti," nilisema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye nje. "Mwache. Hiyo ni ya ndugu yangu."

Niliwaruhusu wanafunzi waondoke. Hakuna aliyeondoka. Nikaketi kwenye benchi karibu na Wani, naye akatueleza, macho yake yakiwa kwenye mikono yake. Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Ile siku gari nachomwa, sisi nakimbia kwa nyasi. Ile mutu iko pamoja na mimi. Yeye napata risasi hapa." Akagusa nyonga. "Yeye naanguka. Mimi nalala. Watu ya bunduki iko barabarani, napika chai. Ile mutu naanza kuita. Mimi nasema, nyamaza, sisi nakufa. Yeye naita tu."

"Na wale wa bunduki?" aliuliza Obeti.

"Hapana sikia."

"Hapana sikia vipi? Hii sauti inasikika mpaka kilima cha pili!"

"Mimi pia nauliza vile. Wao iko karibu kama ule mlango. Hapana geuza kichwa. Wanakunywa chai. Mimi nasikia mpaka masikio nauma, wao hapana sikia."

Nikamuuliza kama alimwambia jina lake.

"Mimi nauliza, wewe nani? Wewe naita nani? Yeye najibu na luga yake, mimi hapana jua. Wao nakwenda, mimi nakaa na yeye mpaka anamaliza. Mimi nafunika na majani." Akaikunja mikono yake. "Tangu ile siku, Madam, kelele yangu hapana iko tena. Nikipiga kelele, inatoka yake. Kwa hiyo mimi nasema pole pole."

Siku ya mapumziko Obeti alitubeba, mimi na Wani, kwa pikipiki yake hadi Adumi. Sikuwa nimetuma habari kwa mama. Tulipofika uwanja ulikuwa umefagiwa na vigoda vilikuwa nje, vya kututosha sote. Kigoda chake mwenyewe, ambacho siku zote kilitazama kaskazini, kilikuwa kimegeuzwa kutazama njia.

"Tangu wiki iliyopita haiti tena," aliniambia kabla sijamsalimu. "Nikajua anakuja kwa miguu." Kisha akamtazama Wani kuanzia viatu hadi kichwa. "Kaa, mwanangu."

Mama hakujua Kiswahili, na Wani hakujua Kilugbara, kwa hiyo kila neno lilipita kwangu. Mama aliuliza kama hakimu. Mahali gani? Saa gani jua lilikuwa? Alikuwa na nani? Alivaa nini? Nilivusha swali, nikarudisha jibu, kama nilivyozoea darasani. Wani alieleza shati la mistari na kamba aliyojifunga kiunoni badala ya mkanda. Ilikuwa kamba ya mbuzi wetu. Hapo mama alishika magoti yake.

Kisha akauliza lile ambalo kwalo alikuwa amekataa maombolezo muda wote huo.

"Alikufaje? Haraka au polepole?"

Nikavusha swali. Wani alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Pole pole, Madam," alisema. "Tangu asubuhi mpaka jua nashuka. Nasumbuka sana. Sauti nakuwa ndogo, nakuwa ndogo. Lakini naita."

Katika kazi yangu nilikuwa nimelitafsiri neno hilo mara nyingi kuliko jina langu. Sasa lilikuwa mdomoni mwangu kama jiwe, na lile jingine, la haraka, lilikuwa kando yake, jepesi. Ningelisema lile jepesi, mama angelala usiku huo. Obeti, aliyesikia lugha zote mbili, aligeuka akaitazama pikipiki yake. Aliniachia. Wani asingejua, na Obeti asingesema.

Mama alikuwa akiningoja, macho yake usoni pangu.

"Polepole, mama," nilisema. "Mchana mzima, na kwa maumivu. Alikuwa akiita hadi jua likashuka. Sauti ikawa inapungua, lakini aliita."

Hakulia. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia.

"Najua," alisema. "Nilikuwa shambani. Nilimsikia mchana wote. Nilitaka kuona kama wewe utanidanganya."

Maombolezo yalifanyika mwezi ule ule. Tulichimba kaburi la kweli, tukaweka ndani shati lake na kikombe chake, kwa kuwa mwili hatukuwa nao. Wani alisimama mbele ya ukoo akaeleza, nami nikatafsiri, safari hii bila kusita. Kisha mama akasema Wani aite mara moja kaburini, mwito uingie mahali pake. Wazee walikataa kwa sauti kubwa. Mzee mmoja alisema mwito wa mtu hauazimwi, sembuse na mtu wa ng'ambo.

"Hakuazima," alisema mama. "Alibebeshwa. Mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake kutoka mbali hivyo, mnamkataza kuutua?"

Wakampisha. Wani alipiga magoti ukingoni, akaelekeza mdomo chini shimoni, akaita. Sauti ilishuka na haikurudi. Nimesimama kwenye makaburi mengi na najua shimo linavyorudisha sauti ya mtu anayelia juu yake. Lile halikurudisha. Tukatupa udongo upesi.

Tuliporudi Koboko somo la namna lilibaki halijamalizika, na Mratibu hakupenda masomo nusu. Nikalirudia. Wani alipoambiwa apige kelele alisita, kisha akajaribu. Ilitoka sauti nyembamba, mbaya, yenye kukwaruza kama mwana mbuzi. Darasa lilicheka hadi machozi.

"Wani!" alisema Obeti. "Afadhali ile ya marehemu!"

Akaziba mdomo wake, akijua amevuka mpaka. Lakini Wani mwenyewe alianza kucheka, kwa sauti hiyo hiyo mbaya, akapiga kelele tena bila kuambiwa, na tena. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa mkono wake. Niliandika neno ubaoni, loudly, nikawaomba radhi, nikatoka nje kidogo. Watu walidhani ni vumbi la chaki lililoniingia machoni.

Nilistaafu nikiwa Koboko. Mratibu aliwapanga wanafunzi mstari mmoja wanipigie saluti, na nusu yao walitumia mkono wa kushoto. Sasa naishi Adumi katika nyumba ya mama, ambaye tulimzika mwaka jana. Ninyi mnafundisha kwa simu. Nimeona mwanafunzi akibonyeza neno, nayo simu inalitamka vizuri kuliko nilivyowahi kulitamka mimi, na sioni ubaya. Nawasihi jambo moja tu. Mnapomfundisha mtu kueleza namna, mjue kwamba siku moja mtu mwingine atamuuliza, na atahitaji kujibu ukweli. Mzoesheni kujibu ukweli katika mambo madogo, mlango na meza na nguo, ili mdomo ujue njia.

Wakufunzi vijana huniuliza pia kama ninaamini ndugu yangu aliita kutoka Yei hadi Adumi. Nawaambia niliyoyaona na kuyasikia, nayo nimeyaandika hapa. Zaidi ya hayo sina. Lakini nimeuhesabu mchana ule aliokufa, nao ulikuwa wa siku ya darasa. Nilikuwa katika ghala la mbegu, milango yote miwili wazi upande wa kaskazini, wanafunzi wangu wamefumba macho. Lilikuwa zoezi la sikio. Niliwaambia wasikilize kwa makini, nami nilisikiliza pamoja nao.

Mama alisikia. Mgeni alisikia. Mimi sikusikia kitu.